Sauti, Uso na Mkono: Taashira ya Mtoto katika "Another Brick in the Wall"

Ni nyimbo chache za Kiingereza zilizofasiriwa kwa haraka kama sehemu ya pili ya "Another Brick in the Wall" ya kundi la Pink Floyd. Wimbo huo ulitoka Novemba 1979, mwezi uleule wa albamu ya The Wall. Ulishika nafasi ya kwanza Uingereza wakati wa Krismasi ya mwaka huo, na mapema mwaka 1980 ukafika nafasi hiyohiyo Marekani. Kokote uliposikika, kilichobaki masikioni ni kwaya ya watoto, na maneno ya kwaya hiyo yakachukuliwa kuwa tamko la wazi: watoto wanaikataa shule. Wazazi na wakuu wa elimu walioukasirikia waliukasirikia kwa sababu hiyo. Vijana walioupenda waliupenda kwa sababu hiyohiyo. Pande zote mbili zilikubaliana juu ya maana, zikatofautiana juu ya hukumu tu.

Usomaji huo unasikiliza wimbo bila kuitazama picha. Tangu mwanzo wimbo huu ulikuwa na picha zake: kwanza video fupi ya mwaka 1979 iliyoongozwa na Gerald Scarfe, mchoraji wa katuni za kisiasa wa Uingereza, kisha filamu ya Pink Floyd – The Wall ya mwaka 1982, iliyoongozwa na Alan Parker kwa mswada wa Roger Waters, huku uhuishaji ukiwa tena wa Scarfe. Katika picha hizo mtoto hasimami kama mkataaji wa elimu. Anajitokeza kwa namna tatu ambazo hazikutani kwa urahisi katika mwili mmoja: mtoto aliye sauti isiyo na uso, mtoto aliye uso usio na sauti, na mtoto aliye mkono. Taashira ya kazi nzima imo katika umbali uliopo kati ya namna hizo tatu, na umbali huo hauishii ndani ya hadithi. Unagusa pia jinsi kazi yenyewe ilivyotengenezwa, na jinsi ilivyopokewa mbali na London.

Mwalimu na nyuzi zake

Video ya 1979 haina mambo mengi. Kuna mandhari ya London, kuna watoto wanaokimbia katika uwanja wa shule, kuna kundi la watoto wanaoimba, na kuna katuni ambamo nyundo zinapiga kwata kama askari. Katikati ya vitu hivyo amewekwa mwalimu, naye si mtu bali ni karagosi. Mwili wake umerefushwa na kupindwa jinsi Scarfe alivyozoea kuwapinda wanasiasa katika michoro yake ya magazetini.

Ni rahisi kuliona karagosi hilo kama tusi: mwalimu amefanywa kichekesho. Lakini karagosi si sanamu tu. Sanamu husimama peke yake, ilhali karagosi huchezeshwa. Anayemwona karagosi akiinua fimbo hana budi kuuliza mkono unaomwinua umejificha wapi. Filamu ya 1982 inalijibu swali hilo mara mbili. Katika sehemu ya katuni inayoonyesha kesi ya mhusika mkuu, mwalimu anashuka akining'inia kwenye nyuzi, na mwenye kuzishika nyuzi hizo ni mkewe. Mapema zaidi, katika sehemu inayotangulia wimbo wenyewe, mwalimu anaonekana nyumbani akiwa mezani. Kipande cha nyama ngumu kimemshinda kutafuna, lakini jicho la mkewe linamlazimisha akimeze. Picha inakatwa, na mwalimu huyohuyo anamchapa mtoto.

Hapa ndipo usomaji wa haraka unapoyumba. Kama mwalimu angekuwa chanzo cha uovu, asingehitaji nyuzi. Kazi hii inamchora kama kiungo katika mnyororo: anayepigwa hupiga, na anayelishwa kwa nguvu hulisha wengine kwa nguvu. Waters mwenyewe alikuwa mtoto wa walimu wawili. Baba yake, aliyeuawa vitani Anzio mwaka 1944 wakati mwanawe akiwa mtoto mchanga, alikuwa mwalimu, na mama yake pia alikuwa mwalimu. Hilo halithibitishi maana ya kazi, lakini linatosha kumfanya mhakiki asite kabla ya kusema kwamba mtunzi aliwachukia walimu wote kwa pamoja.

Hata hivyo, jibu la filamu kuhusu mwenye kushika nyuzi lina kasoro isiyopaswa kupitwa kimya. Mnyororo wa ukatili unapandishwa kutoka kwa mtoto hadi kwa mwalimu, kutoka kwa mwalimu hadi kwa mke, kisha unakomea hapo. Mke hana nyuzi. Amechorwa mnene, mkubwa na asiye na historia, kana kwamba ukatili wa shule nzima ya Kiingereza ulianzia jikoni. Mama wa mhusika mkuu naye anachorwa kama mikono inayogeuka kuwa kuta. Filamu inayosikitikia jinsi shule inavyomfutia mtoto sura yake inawafutia wanawake sura zao bila kusita.

Msomaji wa Kiswahili anacho kipimo cha karibu cha kuipimia kasoro hiyo. Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Julius Nyerere naye alieleza shule iliyomfanya mwalimu kuwa chombo cha mkono mwingine. Elimu ya kikoloni, kwa maelezo yake, ilikusudiwa kupata watumishi wa serikali ya kikoloni na kupandikiza maadili ya jamii ya watawala. Tofauti ni kwamba Nyerere alizifuata nyuzi hadi mwisho wake, akazikuta zimefungwa kwenye dola na uchumi, si kwenye meza ya chakula cha jioni. Tena alifanya hivyo akiwa mtu ambaye taifa zima lilimwita Mwalimu, kwa heshima. Katika lugha ambayo neno hilo ni cheo cha mapenzi, karagosi la Scarfe linaleta mshtuko ambao mtazamaji wa Kiingereza hawezi kuupata kwa kiwango hicho, na mshtuko huo una faida. Unamlazimisha mtazamaji kutenganisha kazi ya kufundisha na nyuzi zinazomchezesha anayefundisha.

Nyuso zilizofutwa

Sehemu ya filamu inayokumbukwa kuliko zote ni ile ya kiwanda. Watoto waliovaa sare wanatembea kwa mpangilio, wanaketi kwenye madawati yanayosogea kama bidhaa kwenye mkanda wa kiwandani, na nyuso zao zimefunikwa kwa barakoa zinazofuta tofauti zote kati ya mtoto na mtoto. Mwishowe wanatumbukia mmoja baada ya mwingine ndani ya mashine ya kusagia nyama, na upande wa pili inatoka nyama iliyosagwa.

Jazanda hii imesemwa sana kuwa ni ya wazi mno, na kweli haifichi kitu. Lakini mambo mawili yaliyotangulia yanaipa uzito ambao haungepatikana katika tukio moja pekee. La kwanza ni nyama. Kipande kilichomshinda mwalimu mezani na nyama inayotoka mashineni ni neno moja lililosemwa mara mbili. Alichokimeza kwa kulazimishwa ndicho anachokizalisha. La pili ni barakoa. Hazionekani kwa mara ya kwanza darasani, bali kwenye treni inayopita katika handaki huku watoto wakiwa wamejibanza ukutani. Kwenye matundu ya mabehewa kumejaa nyuso zilizofutwa na mikono iliyonyooshwa. Mtazamaji wa Ulaya hawezi kuyaona mabehewa hayo bila kukumbuka yale yaliyowapeleka watu kwenye kambi za maangamizi. Kwa hiyo mtoto anapovaa barakoa darasani, tayari inabeba kumbukumbu ya watu waliosafirishwa kama mizigo. Filamu haisemi kwamba shule ni kambi. Inasema kwamba kufuta uso ni hatua ya kwanza ya mambo mengi, na kwamba hatua hiyo inaweza kufundishwa kwa saa za kawaida, kwenye darasa safi, kwa sauti ya upole.

Kabla ya barakoa kulikuwa na uso. Mtoto anakamatwa darasani akiandika mashairi. Mwalimu anayasoma kwa sauti ili darasa lichekeshwe, anampiga mtoto kwa rula mkononi, kisha anarudi kwenye somo: darasa zima linakariri jinsi eneo la ekari linavyopimwa. Mpangilio huo si wa bahati. Shairi ni maneno ya mtu mmoja, na kipimo cha ekari kinakaririwa na wote kwa sauti moja. Mtoto anaondolewa kwenye maneno yake mwenyewe na kurudishwa kwenye maneno yanayopima ardhi ili iwekewe mipaka. Ukuta umeanza kujengwa kabla ya tofali lolote kuonekana.

Jambo la kuhuzunisha zaidi ni kicheko cha wenzake. Mwalimu hawezi kumfedhehesha mtoto peke yake. Anawahitaji watoto wengine wacheke. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza katika Decolonising the Mind jambo linalofanana na hilo katika shule ya kikoloni Kenya. Kifaa kidogo kilipitishwa kutoka kwa mtoto aliyekutwa akisema Kigikuyu hadi kwa mwingine aliyekutwa na kosa hilohilo, na jioni mnyororo mzima ulifichuliwa ili wote waadhibiwe. Watoto walifundishwa kuwindana. Ndivyo linavyopaswa kueleweka neno tofali katika kazi hii. Tofali si mtoto aliyeonewa tu. Ni mtoto aliyeonewa ambaye sasa amekuwa sehemu ya kinachomzuia mwenzake kupita.

Sauti za watu wengine

Mpaka hapa taashira inakaa ndani ya kazi. Lakini video ya 1979 ina jambo ambalo halimo katika mswada wowote, nalo ni zito kuliko mashine ya nyama.

Sauti za kwaya ni za wanafunzi 23 wa Islington Green, shule ya serikali kaskazini mwa London. Mwalimu wao wa muziki ndiye aliyewapeleka studio, na sauti zao zilirekodiwa na kurudiwa moja juu ya nyingine mpaka wachache hao wakasikika kama umati. Wimbo ulipopata umaarufu, mkuu wa shule hakuruhusu waonekane kwenye televisheni. Katika video, nyuso zinazofungua midomo kwa sauti hizo ni za watoto wengine. Shule ililipwa pauni 1,000. Watoto wenyewe hawakuwa na mkataba wa mrabaha, na miaka 25 baadaye, mwaka 2004, baadhi yao wakiwa watu wazima walianza kudai haki yao kupitia mabadiliko ya sheria ya mwaka 1996.

Kinaya kilichopo hapa hakihitaji kukuzwa. Wimbo unaolalamika kwamba shule huwageuza watoto kuwa kundi lisilo na sura uliwageuza watoto kuwa kundi lisilo na sura. Sauti 23 zilizidishwa hadi hakuna hata moja inayotambulika. Kisha zikavuliwa nyuso zake na kuvishwa nyuso za kukodi. Teknolojia ya studio ilifanya kwa upole kile ambacho mashine ya nyama inakifanya kwa kelele. Anayetazama video leo huku akijua hayo huona tukio la tatu ambalo Scarfe hakulichora: watoto wenye sauti wamekaa nje ya fremu, na watoto wenye nyuso wamesimama ndani yake wakiwa kimya.

Lakini haki inadai upande wa pili nao usemwe. Watoto hao hawakufika studio kwa kutoroka shule. Walipelekwa na mwalimu, tena mwalimu aliyeona kwamba muziki ni jambo la kufanywa na si la kukaririwa tu. Wimbo unaojulikana kuliko yote kwa kuwakemea walimu usingekuwapo bila mwalimu aliyefungua mlango wa darasa. Kwa hiyo nje ya kazi kuna jibu kwa karagosi lililo ndani yake: mwalimu asiye na nyuzi, au angalau aliyezikata kwa mchana mmoja.

Hapo pia ndipo sarufi ya kiitikio inapopata maana. Watoto wanaimba kwa kukanusha mara mbili, jinsi Kiingereza cha mitaani kinavyofanya na jinsi walimu wa lugha wanavyokataza. Watetezi wa Kiingereza sanifu walilichukua kosa hilo kuwa uthibitisho kwamba waimbaji wanahitaji shule. Lakini sentensi hiyo ina pande mbili kwa makusudi au kwa bahati njema. Kwa mizani ya mtaani inakataa, na kwa mizani ya vitabu vya sarufi, kanusho mbili hubatilishana na kuacha ombi. Kiswahili hakiwezi kuubeba utata huo. Atakayesema kwa Kiswahili kwamba hahitaji elimu yoyote amekana, basi, hana mlango wa nyuma. Pengine ndiyo sababu wasikilizaji wengi wa Afrika Mashariki waliouelewa wimbo kwa kuutafsiri kichwani walibaki na upande mmoja tu wa maana yake.

Wasomaji wawili wa mbali

Taashira haina mlinzi mlangoni. Ikishatoka mikononi mwa mtunzi, hupokewa na yeyote. Kazi hii ilipata wasomaji wawili ambao, wakiwekwa pamoja, wanaonyesha upana wa hatari na upana wa tumaini.

Wa kwanza ni wanafunzi wa Afrika Kusini. Karibu miaka minne ilikuwa imepita tangu Juni 16, 1976, siku ambayo watoto wa Soweto waliandamana kupinga kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikana na wakapigwa risasi. Aprili 1980, wanafunzi wa Cape katika shule zilizotengwa kwa waliopewa jina la Machotara waligoma, wakipinga elimu duni iliyogawanywa kwa rangi ya ngozi. Wimbo wa watoto wa Islington ukawa wimbo wao. Mwezi Mei serikali ya ubaguzi ikaupiga marufuku.

Wanafunzi hao hawakuikataa elimu. Walidai vitabu, majengo na walimu sawa na wa Wazungu. Walichokikataa ni elimu ile moja, iliyotungwa ili kumfundisha mtoto mipaka yake. Kwa maneno mengine, waliusoma wimbo kwa usahihi kuliko wakosoaji wa London. Walizisikia kanusho zote mbili: kukataa shule ya kufuta nyuso, na kuomba shule. Tena kwa mara ya kwanza katika historia ya wimbo huo, sauti na uso vilikutana. Aliyeimba katika barabara za Cape Town aliimba kwa mdomo wake, na uso wake ulionekana na polisi. Hakukuwa na barakoa wala waigizaji wa kukodi. Kuonekana huko kulikuwa na gharama, na waliimba wakiijua.

Msomaji wa pili alikuja kutoka upande mwingine kabisa. Nyundo zinazopiga kwata katika katuni ya Scarfe zilichorwa kuonyesha jinsi umati unavyoweza kugeuka silaha. Nyundo ni chombo cha fundi mjenzi, lakini ikipewa miguu na kupangwa safu, inakuwa jeshi lisilofikiri. Katika filamu, mhusika mkuu aliyelelewa na ukuta anageuka kuwa kiongozi wa kifashisti, na nyundo mbili zilizopishana ndiyo nembo ya wafuasi wake. Mwaka 1988, mjini Dallas, kikundi cha vijana wa Kinazi mamboleo kiliichukua nembo hiyo na jina lake, kikajiita Hammerskins. Onyo walilichukua kama bendera.

Wapo watakaosema kwamba hilo ni kosa la wasomaji wabaya na si la kazi. Ni kweli kwa sehemu. Lakini mhakiki hana budi kukiri kwamba Scarfe alizichora nyundo kwa uzuri mkubwa. Mwendo wake una mdundo, safu zake zimenyooka, na jicho hufurahia kabla akili haijaonya. Watoto wa video hawana uzuri huo. Wanakimbia ovyo, hawana safu. Tofauti kati ya kukimbia ovyo na kupiga kwata ndiyo tofauti ambayo kazi nzima inaijali, lakini mchoraji aliupa upande mmoja mvuto zaidi ya mwingine. Cape Town ilichagua watoto na Dallas ikachagua nyundo, na kazi iliwaachia wote wawili nafasi ya kuchagua.

Mkono

Baada ya mashine ya nyama, watoto wa filamu wanazivua barakoa. Wanavunja madawati, wanabomoa kuta, wanawasha moto na kumburura mwalimu kuelekea kwenye moto huo. Watazamaji wengi wanakumbuka sehemu hii kama kilele cha ushindi. Lakini mara picha inakatika. Darasa liko vilevile, mwalimu anaendelea, na mtoto aliyepigwa rula amekaa akiusugua mkono wake. Maasi yote yalikuwa ndoto ya mchana.

Waswahili husema mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe. Methali hiyo kwa kawaida hutumiwa kumwonya mnyonge asishindane na mwenye nguvu. Filamu inaigeuza: mkono unauma bado, ingawa haukupiga chochote, kwa kuwa ukuta ndio ulioupiga. Mkono huo unaosuguliwa ndio mahali pekee ambapo sauti na uso wa mtoto vinarudi pamoja, kwa sekunde chache, katika maumivu.

Kwa msomaji wa ughaibuni, mkono huo si wa kubuni. Mzazi aliyesoma Tanga au Mombasa zamani akitazama pamoja na mtoto wake aliyezaliwa London wanaona filamu mbili tofauti. Uingereza ilipiga marufuku fimbo katika shule za serikali kwa sheria ya mwaka 1986 iliyoanza kutumika mwaka uliofuata, na Kenya ilifanya hivyo mwaka 2001. Tanzania Bara bado inairuhusu kwa kanuni za mwaka 2002 zinazoweka kikomo cha viboko vinne. Mtoto huona kichekesho cha kutisha kutoka zama za kale. Mzazi huona somo la hisabati la Jumatatu. Mara nyingi mzazi huyo huyo atasema kwamba fimbo ndiyo iliyomfikisha alipo, na atatoa methali ya kumsaidia: samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo haipaswi kudharauliwa, kwani inasema kweli kwamba mtoto hulelewa mapema. Lakini mashine ya Scarfe na Parker inauliza swali ambalo methali haikuulizwa: kukunja na kusaga hutofautiana wapi, na nani anayeujua mpaka huo wakati fimbo iko hewani? Samaki aliyekunjwa bado ana kichwa na mkia. Kilichotoka mashineni hakina.

Kutoka hapo filamu inakwenda mbali, kupitia vita, umaarufu, ufashisti na kesi ya katuni, hadi ukuta unapolipuka. Wengi huondoka hapo. Lakini tukio la mwisho kabisa halina mlipuko wala kwaya kubwa. Watoto wadogo watatu wako barabarani baada ya fujo, katikati ya vifusi. Wanaokota matofali. Mmoja anayapakia kwenye gari la kuchezea. Mwingine anaokota chupa iliyotengenezwa kuwa bomu la petroli, anainusa, kisha anaimwaga petroli chini.

Watoto hawa hawaimbi wala hawavai barakoa. Hakuna mwalimu aliyewaamuru, na hakuna kiongozi anayewaangalia. Nyundo zimetoweka, na mahali pake pamebaki mikono. Tofali, lililokuwa jina la mtoto aliyegandishwa ukutani, sasa ni kitu ambacho mtoto anakiinua. Wala filamu haionyeshi matofali hayo yatakwenda kujenga nini. Yanaweza kuwa nyumba, yanaweza kuwa ukuta mwingine.

Hapo Kiswahili kina neno la kusema kuhusu ukuta kuliko Kiingereza. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Katika methali hiyo ukuta si adui anayevamia kutoka nje. Ni gharama ya uzembe wa wenye nyumba, kazi kubwa iliyotokana na kazi ndogo iliyoachwa. Ukuta wa kazi hii ulijengwa hivyohivyo: baba asiyerudi ambaye hakuzungumziwa, shairi lililochekwa, mkono uliopigwa na hakuna aliyeuliza kwa nini unasuguliwa. Kila ufa ungeweza kuzibwa na mtu mzima mmoja kwa dakika chache. Ndiyo maana si sahihi kuisoma kazi hii kama tamko la watoto dhidi ya elimu. Watoto hawakuwahi kuulizwa, hata na waliotunga tamko lenyewe: waliazimwa sauti, wakavalishwa barakoa, wakasagwa ili watu wazima wayaone makosa yao. Wanapoachwa peke yao mwishoni, bila maneno ya kuimbishwa, wanachofanya ni kuinama na kuokota kilichoangushwa na wengine. Yule aliyeinusa chupa alijua ndani yake mna nini kabla ya kuimwaga, na hakuna shule yoyote iliyoonyeshwa katika filamu nzima iliyomfundisha hilo.